Majina Yamekwisha

Kwako Sagynbek, uliyeko Novosibirsk:
nakuandikia kutoka chini ya hospitali ya Naryn,
chumba kile kile, kati ya tanuri la makaa na seva yako,
mgongo ukiungua, vidole vikiganda.

Saa tisa usiku alinipigia Burulkan wa wodi ya wazazi.
Mtoto amezaliwa, kilo tatu na gramu mia mbili,
sauti anayo, vidole vyote anavyo,
ila mashine inakataa kumwandika.
"Inasema hakuna nafasi," akaniambia,
kana kwamba ni mimi niliyeijaza dunia.

Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikavuka daraja.
Nikaingia kama mzizi, nikaiuliza diski: umejaa?
Asilimia arobaini na moja.
Nikauliza tena, maana saa hizo simwamini mtu wala chuma.
Arobaini na moja.
Nikafuta kumbukumbu za mwaka juzi, nikawasha upya hifadhidata,
nikafanya yale tunayofanya sote tukikosa la kufanya.
Hakuna nafasi.

Ndipo nikakumbuka swali lako la pili,
lile ulilonifundisha huku ukitafuna mbegu za alizeti:
usiulize tu ghala limebaki wazi kiasi gani,
uliza kama karani bado ana vibandiko.

Karani hakuwa nacho hata kimoja.
Inodi: asilimia mia.
Ghala nusu tupu, na hakuna jina la kukipa kitu.

Nikatafuta. Saraka moja niliiomba orodha, ikanyamaza.
Nikachemsha chai, nikainywa, bado imenyamaza.
Kisha zikamwagika:
faili milioni tatu na ushei, kila moja baiti sifuri,
kila moja imeitwa kwa tarehe na dakika yake.
Skripti yako, Sagynbek. Kila dakika inagonga mlango wa Bishkek;
ukifunguliwa, inaacha faili tupu, yaani: mtandao u hai.
Juu yake umeandika: ya muda tu, hadi theluji ya Dolon iyeyuke.
Theluji imeyeyuka mara sita.

Tuliambiwa haba na haba hujaza kibaba.
Wewe ulitia sifuri, na sifuri, na sifuri,
na kibaba kikafurika.

Nilikutukana, sikufichi, kwa Kikirgizi na kwa Kirusi.
Nikaamuru zifutwe zote kwa mpigo; mashine ikagoma,
orodha ni ndefu mno.
Basi ilibidi zitafutwe moja moja na kufutwa moja moja,
lakini kabla sijabonyeza
nilitaka kuiona siku yangu ya kwanza hapa.

Iko. Machi tano, alasiri,
dakika baada ya dakika kama shanga,
halafu pengo.
Dakika kumi na nne hazipo.
Ndipo nilipokanyaga waya nikijifanya najua njia gizani,
na mkurugenzi akashuka, uso mwekundu,
nawe ukamjibu bila kugeuza shingo: "Ni theluji, bwana."
Siku ile jua lilikuwa likiwaka. Hata yeye aliliona.

Nikabonyeza.
Miaka yako sita ilichukua dakika arobaini kufutika.
Burulkan akapiga simu: imekubali!
Mtoto anaitwa Syrgak; bibi yake amesimama dirishani tangu usiku
akisubiri karatasi, hataki kiti.

Skripti sijaiua. Nimeifundisha kutumia faili moja tu,
kufuta dakika ya jana na kuandika ya leo juu yake.
Maneno "ya muda tu" nimeyaacha.

Na zile faili mbili, ya kabla ya pengo na ya baada yake,
nimezihamishia nyumbani kwangu, kwenye saraka isiyo na jina la maana.
Hazina kitu ndani.
Zinakula vibandiko viwili.